Dufie na Waliozirai Misibani

Sista Dufie aliwadharau watu wanaozirai, wala hakuficha. Alikuwa nesi wa mapokezi katika hospitali ya wilaya miaka thelathini na minne, akaondoka na hesabu yake kichwani: kati ya wanawake kumi wanaoletwa wamebebwa hobelahobela kutoka msibani, saba wanasikia kila neno linalosemwa juu yao, wawili wana njaa, na mmoja ndiye mgonjwa. Hao saba walimtoa povu. "Mtu mzima na akili zake timamu," alikuwa akisema, "anajibwaga chini kama gunia la mihogo, halafu anachungulia kwa jicho moja aone nani analia."

Na mji wetu haukumpunguzia kazi. Sisi Waasante wa Ghana, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba akifa, wenye msiba ni ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake. Wanawe mwenyewe hununua jeneza, kisha wanakaa upande wa wageni na nguo zao nyekundu na nyeusi, wakitazamwa. Sasa binti atawaonyeshaje watu hao kwamba alimpenda baba yake? Zamani kulia kulitosha. Halafu msiba mmoja, wala hakuna anayekumbuka wa nani, binti wa tajiri wa kakao akaanguka mbele ya jeneza, na mji ukamsifu wiki nzima. Basi ikawa ndiyo hiyo. Tangu siku ile binti asiyeanguka akahesabiwa ana moyo wa jiwe. Kukatokea wanawake wa kudaka, kukatokea mkeka wa kuangukia, na mpiga video akawa anaonyeshwa mapema mahali pa kusimama. Watu wazima tulikaa vikao kupanga mambo hayo, bila aibu.

Hodari wao wote alikuwa Birago, muuza vitambaa vya msiba sokoni, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mnene, mcheshi, mwenye mwanya. Mabinti waliorudi kutoka Ujerumani na Italia na viatu virefu na nywele za bei mbaya hawakutaka kugusa vumbi, kwa hiyo walimwita Birago aanguke kwa niaba yao. Alikuwa anaanza kwa kushika kichwa, anayumba mara tatu, anaita "Baba ee!" kwa sauti inayofika barabara kuu, kisha anashuka taratibu, magoti kwanza, kitambaa kimefungwa mafundo mawili kiunoni kisifunuke. Alilipwa kwa chupa za mvinyo na mapaja ya mbuzi. Watu walisema msiba ambao Birago hakuanguka ulikuwa chai isiyo na sukari.

Dufie naye, baada ya kustaafu, alialikwa kwenye misiba hiyohiyo akae karibu, na mkoba wake wa kipimo cha presha, saa ya mkononi na vipande vya sukari. Wakuu wa koo walitaka waonekane wamejipanga. Yeye alikwenda kwa sababu moja: kuwaumbua. Mtu akianguka, alimchukua mkono, akauinua juu ya uso, akauachia. Aliyezirai kweli, mkono unampiga usoni. Mwongo, mkono wake una huruma: unateleza pembeni, unatua shavuni kama kipepeo. Birago alijaribiwa hivyo mara kumi na tisa, na mara kumi na tisa mkono ulikwepa pua. "Inuka mama," Dufie alikuwa anamwambia mbele za watu. "Pua yako unaipenda kuliko marehemu." Mji mzima ulicheka, na watoto wakaligeuza jambo hilo mchezo, wakawa wanaucheza shuleni.

Kazi yake aliijua, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Mpika pombe akisema anaona giza, Dufie alimpima presha akiwa amelala, akampima tena amesimama, akamwambia moto ule unaochemsha pombe ndio unaomkausha maji mwilini. Mwalimu mmoja aliona nyumba inazunguka kila akigeuka kitandani, mchungaji akamwombea siku saba. Dufie alimwambia maradhi yako sikioni, siyo kwa shetani. Msichana aliyeanguka kwenye mstari wa kanisa alimvuta kope la chini, akaona jeupe kama karatasi, akamuuliza kuhusu hedhi yake. Maswali yake yalikuwa yaleyale kila siku: ulikuwa umesimama, umekaa au umelala? Ulipata dalili, jasho, kichefuchefu, au ulishtukia uko chini? Nani alikuona? Ulipoamka ulijua uko wapi? Alizoea kusema kwamba mashine ni msaada tu, ugonjwa wa kuanguka unakamatwa kwa masikio. Alisema kweli. Ila masikio yake aliyafungua kwa watu aliowaheshimu, na hao hawakuwa wengi.

Mzee Brenya, baba yake Birago, alifariki, na msiba ukapangwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi Birago akaja kwa Dufie. Dufie alikuwa uani anamenya viazi vikuu.

"Sista Dufie, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza jeneza la baba yako uangukie upande gani?"

Birago alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na poda nyingi, na chini ya poda kulikuwa na uvimbe.

"Sista, nimeanguka bafuni. Juzi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda najisugua miguu, nikajikuta niko sakafuni, maji yananipita puani."

"Na nani alikuwepo akupigie makofi?"

"Hakukuwa na mtu. Nakuambia bafuni."

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wote, umewekwa mezani na kufunuliwa. Mtu aliyekaa, hana dalili, hana watazamaji, anaangukia uso bila hata kunyoosha mkono ajikinge. Nesi wa mwaka wa kwanza angeacha viazi. Moyo wa Birago ulikuwa unasimama, unasahau kazi yake sekunde kadhaa, kisha unakumbuka; na siku moja usingekumbuka. Lakini Dufie alimwona muigizaji, na kwa muigizaji hakuwa na sikio.

"Ni mara ya ngapi?" aliuliza, kisu kikiendelea.

"Ya nne, tangu mvua zianze."

"Mara nne za mazoezi! Lo, Mzee Brenya atazikwa kwa heshima." Akasonya. "Birago, nenda nyumbani kanywe maji. Msiba wa watu umekutajirisha, wa baba yako ukupe nini tena, pepo? Mimi siyo wa kunifanyia majaribio."

"Sista, ninaogopa."

"Hata mimi ninaogopa. Ninaogopa Jumamosi nitakucheka mpaka nijikojolee. Haya, nenda."

Birago akaenda. Dufie alimaliza viazi vyake na kuvila kwa mchuzi wa majani, wala hakukosa usingizi.

Jumamosi jua lilikuwa kali tangu saa tatu. Maturubai yalifungwa barabara nzima, vipaza sauti vikawa vinapasua masikio ya walio hai kwa faida ya asiyesikia. Mkuu wa ukoo wa marehemu, mzee tuliyemwita Nana kwa heshima, Nana Ofosuhene, alikaa mbele na miwani nyeusi, ameweka mkono juu ya tumbo. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaende kwa ratiba: wakwe watoe zawadi zao, mabinti waanguke, jeneza liondoke. Mwaka mzima hakumtembelea Mzee Brenya kitandani, lakini siku hiyo ungedhani alimzaa yeye.

Birago na mdogo wake Pokuaa walikuwa wamekaa upande wa watoto. Kwa desturi hawakuwa wametia kitu kinywani tangu asubuhi ya jana yake. Mkeka ulitandikwa mbele ya jeneza, wadakaji wanne wamekaa tayari, na mpiga video anasafisha kioo. Dufie alikuwa kwenye kiti chake, mkoba magotini, mdomo umebinuka.

Zamu ya Birago haikuwa imefika. Alikuwa anamwambia Pokuaa kitu kuhusu vyombo vya wapishi, akasema, "Mwambie yule mama asije akachanganya sahani za..." na hapo hapo akatoka kwenye kiti. Hakushika kichwa. Hakuyumba. Hakumwita baba. Alienda kifudifudi kwenye kokoto, mbali na mkeka, mguu mmoja umekunjwa chini yake, kitambaa kimefunguka, gaguro jeupe nje mbele ya wakwe.

Watu wakapiga makofi. Ndiyo, makofi. Mama mmoja akasema, "Jamani, leo amezidi! Huyu baba yake alimpenda kweli." Mpiga video alikimbia akigombana na waya.

Dufie aliinuka akijivuta, akamgeuza Birago chali, akatazama kadamnasi kama anavyofanya siku zote ili wote waone. Akauinua mkono juu ya uso. Akauachia.

Mkono ukashuka moja kwa moja ukampiga Birago puani, pu! Damu ikatoka tundu moja.

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. "Amejifunza! Amejifunza!" walipiga kelele nyuma. "Sista, leo amekushinda mwanafunzi wako!"

Dufie hakucheka. Uso aliouona ulikuwa wa rangi ya majivu. Aliweka vidole shingoni. Hakukuwa na kitu. Alisubiri, vidole vikamganda, halafu pigo moja likapita, zito, la peke yake. Likafuata kimya kingine. Alitazama saa, akahesabu nusu dakika: mapigo kumi na tano. Wenzetu wanasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na siku ile usaha ulimtumbukia Dufie mikononi.

"Gari!" alipiga kelele. "Nipeni gari, huyu anakufa!"

Wakacheka tena, maana waliona naye ameingia kwenye mchezo.

Alikwenda mpaka kwa Nana Ofosuhene, magoti yote yana vumbi. "Nana, hii siyo maigizo. Moyo wake unasimama. Nahitaji gari sasa hivi."

"Sista, tulia," alisema Nana bila kuvua miwani. "Wakwe ndio wanaingia na zawadi. Mwache apumzike pale pale, akimaliza atainuka. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha kwamba huyu ni muongo?"

"Ndiyo mimi. Na leo nakwambia ni kweli."

"Basi leo umechelewa. Magari yote yamezibwa na viti."

Jambo hilo lilikuwa sahihi. Wapangaji wetu hodari wa misiba walikuwa wamefunga kila njia. Gari moja tu lilikuwa wazi kuondoka, nalo ni lile jeupe lililomleta marehemu. Dereva wake alikuwa mlangoni anakula karanga.

"Hili halibebi mtu anayepumua, mama," alisema. "Ni mkosi. Nitaliosha kwa kitu gani?"

"Utaliosha kwa mate yangu usipofungua huo mlango," Dufie alimwambia. "Shika miguu!"

Alishika miguu. Wadakaji wanne waliolipwa kumdaka Birago wakabaki wamekaa na mkeka wao, maana hakuanguka kwa zamu yake. Pokuaa alipanda mbele akinung'unika kwamba dada yake amewaharibia msiba, na gari la maiti likatoka kwa honi katikati ya wakwe na masinia yao.

Njiani Dufie alikaa chini, mahali pa jeneza, miguu ya Birago ameiinua mapajani, vidole shingoni. Walipopita mashine ya kukoboa mahindi Birago alivuta pumzi ndefu, uso ukajaa damu ghafla, akafungua macho.

"Sahani," alisema. Kisha akatazama dari. "Hili gari la nani?"

Mapigo yalikuwa yamerudi. Walipofika hospitali yalikuwa sabini na mbili, mazuri, yamepangika kama ya msichana. Na hilo ndilo lililomtisha Dufie kuliko lile la uwanjani. Alijua moyo wa namna hiyo ulivyo mnafiki: ukipelekwa kwa daktari unavaa nguo za kanisani.

Dakta Asamani alikuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika, na Jumamosi ile alikwisha kupokea watatu kutoka misiba mingine miwili. Alimpima Birago presha akiwa amelala na amesimama, akampima sukari, akamtazama kope, akambandika nyaya za kipimo cha moyo kifuani, akaitazama karatasi iliyotoka.

"Nzuri," alisema. "Mama, umefunga kula?"

"Tangu jana, Dakta."

"Jua, njaa, huzuni. Tunakuwekea chupa moja ya maji, unakunywa uji, unarudi kumzika baba."

"Nilisema mimi," Pokuaa alidakia. "Huyu kuanguka ndiyo kazi yake, Dakta. Mji mzima unajua. Hata huyu Sista anajua, ndiye anayemuumbua kila Jumamosi."

Daktari alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu ambalo Dufie alilitambua, kwa sababu lilikuwa lake. Alikuwa amelivaa miaka thelathini na minne kwenye chumba kilekile. Akanyoosha mkono wa kutoa nyaya.

"Usizitoe," alisema Dufie. "Nimehesabu mapigo thelathini kwa dakika."

"Uwanjani? Na vipaza sauti vile? Njaa inaweza kushusha mapigo kidogo, unajua hilo."

"Alikuwa amekaa. Alikuwa anaongea, akakatika katikati ya neno. Hakutoa jasho, hakuona giza. Mwenye njaa anakupa taarifa kabla hajaanguka. Huyu hakutoa taarifa."

"Na historia? Iliwahi kutokea nje ya msiba?"

Pokuaa alikuwa anamtazama Dufie, na mlangoni dereva wa gari la maiti alikuwa anaendelea na karanga zake, na muuguzi wa zamu alikuwa msichana ambaye Dufie mwenyewe alimfundisha kazi. Dufie aliona wazi kwamba akisema hajui, Birago atapewa uji na kurudishwa kwenye kokoto zile. Akisema anajua, jioni mji wote utakuwa nayo.

"Mara nne," alisema. "Moja bafuni, peke yake, ndiyo huo uvimbe ulio chini ya poda. Alikuja kuniambia Alhamisi."

"Alhamisi," daktari alirudia. "Na wewe ulimfanyia nini?"

"Nilimcheka. Nikamfukuza."

Pokuaa alisema, "Ee!" Muuguzi wa zamu aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta bomba la sindano. Daktari aliurudisha ule mkono wake. Akaivuta mashine yenye kioo, ile isiyotoa karatasi moja na kunyamaza bali inatazama moyo muda wote, akahamishia nyaya huko, akavuta kiti akakaa.

"Tutatazama," alisema. "Bibi Birago, hebu niambie wewe mwenyewe, mwanzo kabisa."

Ikawa mara ya kwanza Birago anaulizwa na mtu aliyekaa chini. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyeyabeba maneno muda mrefu. Alieleza dukani alivyoangukia robota la vitambaa. Alieleza jikoni. Alieleza kwamba hapati maumivu, hapati kizunguzungu, ni kama mtu amezima taa na kuwasha. Mstari kwenye kioo ulipanda na kushuka, tip, tip, tip. Nusu saa ilipita. Pokuaa alisinzia. Daktari alitazama saa yake, na Dufie akaona subira yake inamwisha, akaanza kuomba kimoyomoyo kitu ambacho hakuna nesi anayepaswa kukiomba: moyo wa mgonjwa usimame, usimame sasa, mbele ya shahidi.

"Halafu ile ya bafuni," Birago alikuwa anasema, "nilikuwa nimeshachukua dodoki..."

Mstari ukalala.

Sauti ya mashine ilibadilika ikawa moja ndefu. Kichwa cha Birago kilienda pembeni juu ya mto, mdomo bado umeshika neno. Daktari aliruka mpaka kiti kikaanguka. Sekunde nne. Sita. Muuguzi alikuwa amekwisha kupanda juu ya kigoda cha kitanda, mikono kifuani mwa Birago, na daktari anapiga kelele dawa iletwe. Sekunde tisa. Dufie aliushika mkono uleule aliouangusha asubuhi, akaukaza kwa mikono miwili, bila kujua anasikia mapigo ya nani.

Pigo likaja. Likaja lingine. Rangi ikarudi.

"Kumasi, hospitali kuu," daktari alisema, jasho linamtiririka ndevuni. "Leo hii. Huyu anahitaji kuwekewa kifaa cha kuukumbusha moyo. Napiga simu gari la wagonjwa lije, na mimi napanda naye." Kwa Dufie hakusema asante wala hakumlaumu. Alimpita tu.

Birago alifungua macho. Alimwona muuguzi yuko juu yake, daktari anapiga simu, Pokuaa amesimama ukutani, na Dufie ameushika mkono wake analia. Kwa mwanamke aliyezoea kuamka katikati ya watu wanaomtazama, kulikuwa na maana moja tu.

"Nimeanguka tena?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nisameheni jamani. Sista, usinikasirikie. Safari hii sikufanya makusudi."

Dufie alisimama pale na mkono ule mkononi mpaka gari la wagonjwa lilipofika wakamwomba auachie.